Muuaji wa Hwaseong: mashamba ya mpunga, askari kila kona, na mtu aliyejificha miaka 33

#1 Karani wa Zamu

Wakuu, heshima kwenu.

Humu kuna watu wanakesha na tamthilia za Kikorea, hasa zile za wapelelezi na muuaji asiyeonekana. Kila ukimsikia mtu anazisifia anasema waandishi wa kule wana vichwa vya ajabu. Sawa, vichwa wanavyo, ila pia wana Hwaseong. Leo nalileta jalada hilo kwa vipande, maana nikilimwaga lote kwa mpigo mtasema nimeleta gazeti.

Hwaseong ya leo ni mji mkubwa tu, Samsung wana kiwanda chao cha chipu pale. Ile ya 1986 ilikuwa wilaya ya vijijini, mkoa wa Gyeonggi, kusini mwa Seoul. Mpunga mbele, mpunga nyuma, vijia juu ya matuta, taa za barabarani za kuhesabu. Wasichana wa viwandani na wanafunzi walishuka kwenye basi usiku wakamalizia safari kwa miguu gizani. Hilo la basi lishikeni, nitalirudia.

Tarehe 15 Septemba 1986 bibi wa miaka 71 alitoka nyumbani kwa binti yake kurudi kwake. Alikutwa siku nne baadaye, amenyongwa. Polisi wa wilaya wakaliona kama tukio moja la bahati mbaya. Oktoba, msichana wa miaka 25. Desemba wawili, tena wakipishana siku mbili tu. Januari 1987 mwanafunzi. Mei mwingine. Hapo ndipo watu walipoacha kusema "tukio".

Ilivyofanyika ilikuwa karibu kila mara vile vile: gizani, njiani, mwanamke peke yake, na alichofungiwa au kunyongewa ni nguo yake mwenyewe. Jamaa alikuja mikono mitupu akaondoka hivyo hivyo. Kwa mpelelezi huo ni msiba, maana hakuna kamba ya kuuliza iliuzwa duka gani wala kisu cha kumtafuta mwenyewe.

Mpaka Aprili 1991 walikuwa kumi. Mdogo kuliko wote kiumri alikuwa mtoto wa shule.

Naendelea jioni.

#2 Kaka Mdogo

Nimeweka kambi. Karanga ninazo.

#3 Bint Pangani

Mkuu, hii si ndiyo ile filamu ya wale wapelelezi wawili, mmoja wa kijijini mmoja katoka Seoul? Mwisho wake ulinikera, unatazama saa mbili halafu muuaji hajulikani.

#4 Karani wa Zamu

@Bint Pangani ndiyo hiyo, ya 2003. Mwisho ule ulikuwa hivyo kwa sababu ilipotoka kweli muuaji alikuwa hajulikani. Usinitangulie lakini.

Tuje kwa polisi. Msije mkadhani walikaa tu. Ukijumlisha askari na siku walizopangwa kwenye kesi hii, ni zaidi ya milioni 2. Watu waliochunguzwa kama washukiwa walizidi 21,000. Alama za vidole zilizolinganishwa zilizidi 40,000, na hiyo ni enzi ya kukodoa macho kwenye karatasi, kompyuta hakuna. Askari wa kike walivalishwa nguo nyekundu wakatembezwa njiani usiku kama chambo, kwa sababu uvumi ulienea kwamba anawatafuta wanaovaa nyekundu, tena siku ya mvua. Wanawake wa Hwaseong wakaacha nyekundu kabisa.

Mambo yalipokwama, wakasimamisha sanamu ya kutishia ndege karibu na palipouawa mmoja wao, na kuiandika maneno ya laana: usipojisalimisha, viungo vyako vitaoza ufe. Hii siitungi, ni polisi wa serikali hao. Nilipoisoma nilicheka kwanza, halafu nikaona si cha kucheka. Ukiona dola inaanza kuloga, ujue mbinu zimeisha.

Sasa kuna jambo filamu imelipitia juu juu na mimi naona ndipo kila kitu kilipo. Korea ya wakati ule ilikuwa ya Chun Doo-hwan, mwanajeshi. Januari 1987, kesi ya Hwaseong ikiwa imepamba moto, mwanafunzi wa chuo kikuu Park Jong-chul alifia mikononi mwa polisi Seoul wakati wa mahojiano. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba mpelelezi alipiga meza kwa nguvu, kijana akashtuka, akaanguka akafa. Ukweli ulipotoka, ni kwamba alizamishwa kwenye maji. Juni mwaka huo nchi nzima ikawa barabarani.

Kwa hiyo mpelelezi wa Hwaseong alikuwa mtu aliyefundishwa kazi katika nyumba hiyo. Kwake, kesi inaisha mtu anapokiri.

#5 Sajini Mstaafu

Mleta uzi unaandika vizuri lakini naona unakoelekea. Nyie wa kwenye kiti mnadhani jambazi anakaa mezani anapewa chai anasema "afande, nimeua". Nimefanya kazi hii. Kuna watu bila kibano hawafungui mdomo, na ukiwaachia kesho wanaua tena. Raia hao hao wanaolia haki za binadamu ndio wanaokuja kituoni kupiga kelele "mbona hamkamati".

#6 Kaka Mdogo

Afande kaingia, uzi umenoga.

#7 Karani wa Zamu

@Sajini Mstaafu shikamoo mzee. Sitabishana nawe kwa maneno, nakupa tukio la nane, uamue mwenyewe.

Septemba 1988. Tarehe 7 anauawa wa saba. Safari hii kuna mashahidi: dereva wa basi na kondakta wake waliona kijana akipanda usiku ule, suruali imelowa hadi magotini kama mtu aliyetoka kukanyaga majaruba. Umri miaka ishirini na kitu, mwembamba, urefu wa kawaida. Ukachorwa mchoro wa sura ukabandikwa kila mahali. Huo ni ushahidi wa maana.

Tarehe 16, siku tisa tu mbele, msichana wa miaka 13 anauawa chumbani kwake mwenyewe, wazazi wamelala chumba kingine. Si njiani tena. Polisi wakasema huyu ni mwingine, ameiga. Kwenye chumba zikapatikana nywele. Maabara ikasema mwenye nywele ana damu kundi B, na kipimo cha madini kwenye nywele kikaonyesha mtu anayeshughulika na vyuma.

Karibu na pale palikuwa na karakana ya zana za kilimo. Fundi wake kijana wa miaka 22, Yoon Sung-yeo. Damu yake B. Polio ilimharibu mguu utotoni, anachechemea. Shule aliachia madarasa ya chini ya msingi. Hana baba wa kumtetea wala pesa ya wakili. Julai 1989 wakamchukua.

Siku tatu hakulala. Mateke, makofi. Akakiri.

Kwa mujibu wa karatasi aliyosaini, mtu huyu mwenye mguu mmoja mbovu aliparamia ukuta wa nyumba usiku, akaingia ndani kimya kimya, akatoka kwa njia ile ile. Mahakama ikaisoma, ikaikubali. Kifungo cha maisha. Kwenye rufaa akasema nilipigwa, nilikuwa sijalala. Mahakama ya Juu ikasema hapana. Ndani.

Na mauaji hayakuacha. Novemba 1990 wa tisa, Aprili 1991 wa kumi.

Swali langu kwako mzee: kibano kilifanya kazi? Kilileta maelezo, sahihi na hukumu. Kila kitu isipokuwa muuaji.

#8 Bint Pangani

Mungu wangu. Sasa hakimu hakumwona anavyotembea?

#9 Nesi wa Usiku

Nafanya kazi maabara, niseme kidogo kuhusu hilo la damu kabla watu hawajadhani ni uchawi. Kundi la damu halimtambulishi mtu. Linatumika kuondoa watu kwenye orodha, basi. Ukisema "tunatafuta B" umebakiza umati mkubwa, maana Korea B si adimu hata kidogo. Halafu sampuli ya zamani kama hizo, imetoka kwenye nguo ya marehemu, ina jasho lake, mate yake, damu yake. Vikichanganyika unaweza ukasoma kundi la marehemu ukadhani la muuaji. Na hapo ndipo balaa, maana kichujio kikiwa kibovu, wa kwanza kumtoa anaweza akawa yule yule unayemtafuta.

Hicho kipimo cha madini kwenye nywele ndicho kinanishangaza. Kwamba ana chuma mwilini kwa hiyo ni yeye? Kijiji kizima cha wakulima na mafundi?

#10 Karani wa Zamu

@Nesi wa Usiku umenimalizia kazi. Na kuhusu nywele, kesi ilipofufuliwa miaka thelathini baadaye, waendesha mashtaka walisema ripoti ile ilichezewa. Polisi wao wakasema hapana, yalikuwa makosa makubwa tu ya kitaalamu. Wamegombana wazi wazi kwenye vyombo vya habari kuhusu neno gani litumike. Aliyekaa ndani ni Yoon.

Twende mbele. Kwenye tukio la tisa walimkamata kijana mwingine, miaka 19, naye kidogo aende njia hiyo hiyo. Kilichomwokoa ni kwamba safari hii kulikuwa na sampuli, na vinasaba vilikuwa vimeanza kutumika duniani. Korea walikuwa bado hawana uwezo huo, wakapeleka Japani. (Wale wa filamu, mle wanasema Marekani. Ni Japani.) Majibu yakarudi: si yeye. Wakamwachia.

Yaani hapo mlango ulishafunguka. Kifaa kipo, kimeshamtoa mtu asiye na hatia. Lakini kifaa cha vinasaba bila mtu wa kulinganisha naye hakikusaidii kitu, na waliyemhitaji kwenye orodha walikuwa wameshamfuta kwa kundi la damu.

Sasa nimlete mwenyewe.

Lee Choon-jae, kazaliwa 1963, mwenyeji wa pale pale Hwaseong. Jeshini aliendesha kifaru. Akamaliza muda wake mapema 1986 akarudi nyumbani, na mnajua Septemba ya mwaka huo nini kilianza. Polisi walimhoji zaidi ya mara moja wakati wa msako. Damu yake kundi O, unyayo wake haukulingana na ule waliokuwa nao, nenda zako. Kwenye ushahidi wake mahakamani mwaka 2020 alieleza kwamba kuna wakati polisi walimhoji akiwa na saa ya mkononi ya mmoja wa aliowaua. Wakamwachia.

Wa mwisho Hwaseong ni Aprili 1991. Baadaye akahamia Cheongju na mkewe. Mke akamkimbia. Januari 1994 akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, nyumbani, akampa kinywaji chenye dawa ya usingizi, akamuua. Hapo alikamatwa haraka sana kwa sababu alikuwa ndugu, aliyejulikana, na nyumba ni yake. Kwanza alihukumiwa kifo, rufaa ikageuka kifungo cha maisha. Akapelekwa gereza la Busan.

Hakuna aliyeunganisha. Cheongju ni mkoa mwingine, polisi wengine, jalada jingine. Mtu aliyetafutwa na taifa zima yuko ndani kwa kuua mwanamke kwa njia inayofanana, na Hwaseong bado wanabandika mchoro.

#11 Kaka Mdogo

Mkuu acha utani, unasema alikuwa jela muda wote huo??

#12 Karani wa Zamu

Tangu 1994. Tena mfungwa mwenye nidhamu, daraja la kwanza, askari magereza hawana shida naye. Filamu ya 2003 aliitazama akiwa humo humo ndani. Alipoulizwa baadaye alijisikiaje, akasema aliiona kama filamu tu.

Huku nje saa ya sheria inakimbia. Korea wakati ule kosa la mauaji lilikuwa na ukomo wa miaka 15, yaani ikipita hiyo muuaji hashtakiwi tena. Tukio la kumi ni Aprili 1991, kwa hiyo Aprili 2006 mlango ukafungwa kabisa. Ha Seung-gyun, mpelelezi aliyelibeba jalada hili muda mrefu kuliko wote, alistaafu mwaka huo huo wa 2006.

Walau kuna watu hawakutupa vielelezo. Nguo, vitambaa, vyote vilibaki kwenye maboksi. 2010 ikapita sheria ya hifadhi ya vinasaba vya wafungwa wa makosa makubwa, na sampuli ya Lee ikachukuliwa mwaka uliofuata kama ya wafungwa wengine. Vitu viwili vikakaa kwenye majengo mawili ya serikali moja. Julai 2019 polisi wa kusini mwa Gyeonggi wakafungua maboksi wakapeleka vipande maabara ya taifa, maana vipimo vya sasa vinasoma hata chembe ndogo iliyochakaa. Wa tisa: Lee. Wa tano: Lee. Wa saba: Lee. Septemba 18 wakatangaza.

Mwanzoni alikana. Wakaingia wataalamu wa kuchambua tabia za wahalifu, wakiwemo wanawake, wakaenda gerezani kukaa naye siku baada ya siku, wanaongea. Sajini, soma hapa taratibu: hawakumgusa hata unywele. Waliweka majibu ya vinasaba mezani. Akakiri mauaji 14, na ubakaji na majaribio ya ubakaji zaidi ya 30. Yale kumi ya Hwaseong yote, na mengine manne ambayo polisi hawakuwa wameyahesabu.

Kati ya hayo kumi, la nane likiwemo. Lile la Yoon.

#13 Bint Pangani

Hapa nimesimama. Yoon alikuwa bado ndani?

#14 Karani wa Zamu

Alitoka kwa msamaha wa masharti Agosti 2009, ametumikia miaka 20. Aliingia na miaka 22. Muda wote aliwaambia watu sikuua, na humo gerezani kuna askari magereza mmoja tu aliyemwamini.

Kesi ikafunguliwa upya mahakama ya Suwon, wakili wake Park Joon-young, jamaa anayejulikana Korea kwa kufufua kesi za waliobambikiwa. Novemba 2020 Lee aliletwa kama shahidi, akaeleza alivyoingia chumba kile, akamwomba Yoon radhi, akasema hata yeye alishangaa kutokamatwa mapema. Tarehe 17 Desemba 2020 Yoon akaachiwa huru rasmi, na hakimu akamwomba radhi kwa niaba ya mahakama.

Kuna moja sijalisema, na ndilo linaloniuma zaidi ya la Yoon. Katika yale mauaji manne ya ziada mmoja alikuwa mtoto wa shule ya msingi aliyepotea Julai 1989, na wazazi waliambiwa amepotea tu. Lee alipokiri, uchunguzi ukaonyesha kwamba wapelelezi wa wakati ule walishukiwa kuyapata mabaki na vitu vya mtoto wakavificha. Lingekuwa tukio jingine kwenye hesabu, lingeleta maswali. Nao pia ukomo wa sheria ukawalinda.

#15 Wakili wa Mchana

Niongeze upande wa sheria kwa faida ya wote. Kwetu Tanzania mauaji hayana ukomo, jinai hiyo unaweza kuifungua hata baada ya miaka 40. Korea nao waliufuta ukomo kwa mauaji mwaka 2015, ila kwa yale ambayo muda wake ulikuwa bado haujaisha, kwa hiyo Hwaseong haikuguswa.

Kuhusu kukiri: maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikisha polisi) yakiletwa mahakamani na mshtakiwa akasema nilipigwa, mahakama inatakiwa isimamishe kesi kubwa na kuendesha kesi ndogo ndani yake, kuamua kama aliyatoa kwa hiari. Kazi ya kuthibitisha hiari ni ya upande wa mashtaka. Kenya wamekwenda mbali zaidi: kukiri kunapokelewa mbele ya hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotajwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mshukiwa awe na mtu wake aliyemchagua. Hiyo ya "asiwe mpelelezi wa kesi" ingemwokoa Yoon.

#16 Mtoto wa Eastlands

Wakili, kwa karatasi tuko sawa kabisa. Lakini hebu kumbukeni Kware, hapa Nairobi. Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa kwenye machimbo ya mawe yaliyogeuzwa jalala. Ndani ya siku chache polisi wakaita wanahabari, wakasema wamemshika mshukiwa na amekiri kuua wanawake 42. Wakili wake akaambia korti aliteswa ndiyo akakubali. Mwezi uliofuata jamaa akatoroka kituo cha Gigiri pamoja na wenzake kumi na wawili. Gigiri hiyo, jirani ya ofisi za Umoja wa Mataifa!

Mimi sisemi ni yeye wala si yeye, kortini haikuamuliwa. Nasema familia zilibaki na nini mkononi? Idadi iliyosomwa kwa wanahabari. Sijui hata kama wote waliotolewa pale wanastahili kuwekwa kwa mtu mmoja.

#17 Sajini Mstaafu

Karani, nimesoma yote. Marahaba, nilisahau kukuitikia.

Nakubali la Yoon ni aibu. Lakini mnamhukumu mpelelezi wa 1988 kwa vifaa vya 2019. Yule hakuwa na vinasaba. Ana maiti, ana wanakijiji wenye hasira, ana mkubwa wake anapiga simu kila asubuhi. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Mkubwa hakuulizi una ushahidi gani, anakuuliza umekamata nani.

#18 Karani wa Zamu

@Sajini Mstaafu hapo tumekutana, mzee wangu. Hilo la simu ya asubuhi ndilo jibu la swali la Bint Pangani pia. Hakimu alimwona Yoon anavyotembea. Kila mtu alimwona.

Ila la vifaa sikubali lote. Dereva na kondakta wa basi hawakuhitaji maabara. Mchoro ule ulipokuja kuwekwa pembeni ya picha ya ujana ya Lee 2019, watu walishika vichwa. Ukuta haukuhitaji maabara. Mtu mwenye mguu mbovu na ukuta, hiyo ni akili ya kawaida.

#19 Kaka Mdogo

Sasa Lee kafanywaje kwa hao 14?

#20 Karani wa Zamu

Hakushtakiwa kwa hayo kumi wala manne ya ziada. Ukomo. Anaendelea na kifungo kile kile cha 1994, cha shemeji yake. Faida moja tu: hadithi ya kumfikiria kwa msamaha kwa sababu ya nidhamu nzuri imeishia hapo.

#21 Mtoto wa Eastlands

Karani, wewe lete ile ya Urusi, ya Rostov. Msako wa stesheni za treni.

#22 Karani wa Zamu

Ile inakuja, lakini jiandaeni, maana inaanza na jambo hili hili. Mauaji ya kwanza ya Chikatilo, huyo muuaji wa Rostov, ni 1978, na aliyepigwa risasi na dola kwa mauaji hayo, mwaka 1983, ni Kravchenko. Naye alikiri.

#23 Bint Pangani

Sajini usiondoke, tutakuhitaji kule.